Kijiji Gani?

Jumatatu moja ya Novemba nilimwamsha Nanna alfajiri, nikamkogesha, nikamvisha gauni lake la buluu la kutokea, nikamfunga skafu, tukapanda teksi mpaka hospitali. Pale dirishani dada wa mapokezi akatazama kompyuta, akamtazama Nanna, kisha akanitazama mimi. Miadi ilikuwa kesho yake.

Nanna hakusema kitu njia nzima. Tuliporudi nyumbani, nilipokwisha kumvua viatu na kumtilia chai, ndipo aliponyanyua vidole vyake vilivyopinda kwa baridi yabisi, akavihesabu kimoja kimoja kama mwalimu wa chuo cha Kurani aliyepata mtoto mzito wa kushika: "Il-Ħadd. It-Tnejn. It-Tlieta. Tlieta, binti, tlieta!"

Nilikuwa na miezi mitano tu Malta, na kosa lilikuwa langu mtupu. Aliniambia daktari ni "it-Tlieta". Mimi mtoto wa chuo, niliyesomeshwa Juzuu Amma kwa bakora, nikasikia thalatha, thalatha ni tatu, basi Jumatatu. Sikuwaza kwamba wenzetu wanaanza kuhesabu siku Jumapili na sisi tunaanza Jumamosi, kwa hiyo siku yao ya tatu ni Jumanne yetu. Alhamisi na Ijumaa tunakutana, wao wanasema il-Ħamis na il-Ġimgħa. Zilizobaki tunapishana, na kupishana huko kulinigharimu teksi mbili kwa pesa yangu.

Mimi ni mtu wa Wete, Pemba. Nilikwenda kwa kazi ya kulea wazee, na kwa miaka mitatu nilikaa na bibi mjane katika mji wa Żejtun, kusini mwa kisiwa. Nanna si jina lake. Ni neno lao la bibi, na ndivyo alivyotaka nimwite. Yeye aliniita binti tangu siku ya kwanza, nami nikadhani wakala aliyenileta amemfundisha Kiswahili kidogo kwa adabu. Kumbe ni Kimalta chake: "bint" ni mtoto wa kike, "binti" ni mwanangu wa kike.

Maneno ya namna hiyo yalinimiminikia kama embe zilizoiva. Bahari wanaita baħar, dunia dinja, asali għasel, maskini miskin, na shetani ni xitan, ile x wakiitamka sh. Hamsini ni ħamsin, mia ni mija, elfu ni elf. Na ule mji wenyewe, Żejtun, ni zeituni. Kimalta ni Kiarabu kilichobaki kisiwani baada ya utawala wa Waarabu kuisha, kikakaa na Wasisili na Wataliano mamia ya miaka, kikaandikwa kwa herufi za Kirumi, na leo ni lugha rasmi ya Umoja wa Ulaya. Chetu kimekwenda kwa njia nyingine, mifupa ya Kibantu na nguo nyingi za Kiarabu. Kwa hiyo kilichokuwa mfupa kwao kwangu kilikuwa kanzu, na mimi, kwa kuijua kanzu, nikajiona namjua na aliyeivaa.

Siku ile ya kwanza Nanna alinihoji. Natoka wapi? Nikamwambia Tanzania.

"Iva, iva," yaani ndiyo, ndiyo. "Kijiji gani?"

Zanzibar, nikasema, nikitegemea uso wake utafunguka, maana Zanzibar kila mtu kaisikia. Wapi. "Kijiji gani?"

"Pemba."

"Kijiji gani, binti?"

"Wete."

"Ah," akasema, akaegemea kiti. "Wete." Akaridhika, kama kwamba ana shoga yake anakaa mtaa wa pili kutoka kwetu.

Nilidhani ni uzee. Baadaye ndipo nilipogundua kwamba kila Mmalta humuuliza mwenzake hivyo hivyo. Visiwa vyao vyote, pamoja na Gozo na kile kidogo cha Comino, ni kilomita za mraba 316. Pemba peke yake ni karibu mara tatu ya hapo. Wanaishi zaidi ya watu nusu milioni, mji umegusana na mji, unavuka barabara moja umeshatoka kwa hawa umeingia kwa wale. Mgeni haoni mpaka. Nanna alikuwa akisikia mtu anaongea kwenye foleni ya mkate ananigusa mkono: huyu wa Birgu, huyu wa Gozo, huyu wa hapa hapa lakini mama yake si wa hapa. Nikakumbuka nyumbani, mtu hafiki nusu ya sentensi umeshajua ni Mkojani, mtu wa kisiwa cha Kojani.

Jumapili ilikuwa siku yangu. Binti wa Nanna anakuja kukaa naye, mimi natoka. Wiki za mwanzo nililala kutwa. Nanna hakupenda. Akaanza kunipa kijiji cha kwenda kila Jumapili, kama mtoto anavyopewa sura ya kuhifadhi, na jioni lazima nimsomee: nimeona nini, nimekula nini, watu wake wakoje. Nauli haikuwa tatizo, kwani tangu Oktoba 2022 mkaazi mwenye kadi yake hapandi basi kwa pesa. Tatizo lilikuwa kwamba Nanna alishakuwa na hukumu yake juu ya kila kijiji, na ripoti yangu ikipingana nayo anazima redio ili tubishane vizuri.

Kwanza alinituma Marsaxlokk, na mpaka leo ndipo panaponijia nikifumba macho. Kutoka Żejtun unaweza kuteremka kwa miguu. Jumapili kuna soko la samaki pale ukingoni, wenye hoteli wanasukumana na watalii, na nyuma yao mashua zimetia nanga zimejaa ghuba. Wanaziita luzzu. Zimepakwa buluu, njano, nyekundu na kijani, na kila moja ina macho mawili mbele, yamechongwa kwa mbao na kupakwa rangi, yanakutazama. Nilisimama. Babu yangu alikuwa akisimulia majahazi yenye macho, na ukienda Lamu utayaona mpaka leo, lile duara la mbao kwenye omo. Mzee mmoja alikuwa amekaa anashona nyavu, nikamuonyesha kidole macho ya mashua yake, nikamwambia kwa Kimalta changu cha kuokoteza kwamba na kwetu yapo. Hakushangaa. Akanionyesha kitu kingine, utepe wa rangi unaopita juu ya macho, kwenye omo, ambao wanauita mustaċċ, yaani masharubu. Zamani, alisema, rangi ya masharubu ndiyo iliyokuwa ikitangaza mashua ni ya bandari gani. Na ukikuta yamepakwa nyeusi, ujue nyumba hiyo imefiwa.

Hata mashua inaulizwa kijiji, nikawaza.

Halafu samaki. Kwenye meza ya pili nilimkuta fulusi! Yule yule, kichwa cha kukata wima, ubavu wa dhahabu na kijani. Wao wanamwita lampuka, wakiwa wengi lampuki, na msimu wake unaanza katikati ya Agosti mpaka mwisho wa mwaka. Wanamvua kwa ujanja nilioupenda. Fulusi anapenda kivuli, basi wavuvi wanakata makuti ya mtende, wanayafunga juu ya maboya mapana, wanayaacha yaelee baharini yakiwa yametiwa nanga, kisha wanakuja kuzungusha nyavu pale samaki walipokusanyika chini ya kivuli. Makuti! Niliyaona yamelundikwa kwenye gari, nikaona mtu anakwenda kuezeka.

Nilimuuliza muuzaji bei, akanitajia, nikaielewa yote, maana namba si tatizo langu. Nikafanya kama ninavyofanya Wete. Nikacheka kidogo, nikataja nusu, nikageuka kama ninaondoka. Hakuniita. Nilikwenda hatua kumi, kumi na tano, nikasimama kwenye meza ya zeituni nikijifanya natazama, wapi. Nikarudi, nikalipa bei yake, na fulusi mwenyewe alikuwa ameshachukuliwa yule mkubwa, nikapewa mdogo. Nilipomsimulia Nanna alicheka mpaka akakohoa.

Valletta, mji mkuu, alinituma mara moja tu, akasema ni mji wa kulipia karatasi. Hawauiti Valletta wenyewe, wanauita il-Belt, Mji. Ulianza kujengwa 1566, mwaka mmoja baada ya jeshi la Waturuki kuzingira kisiwa na kushindwa, na barabara zake zimenyooka kama zilizopigwa rula, zinashuka mpaka baharini pande zote mbili. Nilipenda roshani zao za mbao zilizofungwa kwa vioo, zimening'inia juu ya njia kama makabati, mtu anakaa ndani anaona asionekane. Mji Mkongwe wa Unguja ungezielewa. Mdina, ule mji mkuu wa kale ulioko juu ya kilima, jina lake ni madina tu, na ndani ya kuta zake kuna watu wachache na milango mikubwa iliyofungwa. Ni mzuri. Nilimaliza kuuzunguka nusu saa, sikusalimiwa na mtu. "Watu wa milango," alisema Nanna, na siku hiyo hatukubishana.

Mosta alinituma kwa sababu yake mwenyewe. Kuna kanisa la duara lenye kuba kubwa ajabu, na tarehe 9 Aprili 1942, watu wakiwa ndani wanasubiri ibada, bomu la ndege ya Kijerumani lilitoboa kuba, likaanguka sakafuni, halikulipuka. Wameweka mfano wa bomu ndani, watu wanapiga nalo picha. Nanna alikuwa na miaka mitano wakati wa vita vile. Alichotaka kujua si habari za bomu. Alitaka nimwambie kama ndani mna ubaridi. Nikamwambia ndiyo, mna ubaridi mzuri. Akasema kwenye mahandaki waliyochimba kwenye mwamba palikuwa na ubaridi hivyo hivyo, na harufu ya watu, kisha akaomba nimfungulie dirisha.

Sasa Mġarr.

Nilikuwa na shoga yangu wa Mombasa, muuguzi, anafanya kazi Gozo. Gozo ni kile kisiwa cha pili, wenyewe wanakiita Għawdex. Tulizungumza kwa simu miezi, hatujaonana, na kwa Gozo na Malta tulikuwa tumeshakubaliana kwamba ni Pemba na Unguja watupu. Wa kisiwa kikubwa wanawaona wa kidogo ni washamba na mabahili, wa kidogo wanawaona wale ni wezi na wana haraka. Basi Jumapili moja akaniambia, njoo, nitakupokea Mġarr saa nne. Nikatazama ubao wa mabasi pale kituo kikuu nje ya Valletta, nikaona Mġarr imeandikwa waziwazi, nikapanda. Nikasifu hata jinsi ilivyo rahisi.

Nilishushwa kwenye uwanja wa kijiji, mashamba pande zote, kanisa moja lenye kuba lililochongoka kama yai. Nikapiga simu.

"Shoga, nishafika."

"Na mie niko hapa, sikuoni. Umesimama wapi?"

"Mbele ya kanisa."

"Kanisa liko juu mlimani huko, wafanyani mlimani? Shuka bandarini."

"Bandari gani? Hapa naona kabichi."

Akanyamaza. Kisha nikasikia kicheko kile cha watu wa Mombasa, cha kupiga paja. Mġarr ziko mbili. Moja ni kijiji cha wakulima kaskazini magharibi mwa Malta, nyingine ni bandari ya Gozo feri inapofunga. Na si Mġarr tu. Rabat nazo ziko mbili, moja inagusana na Mdina, nyingine ndiyo mji mkuu wa Gozo, ambao Waingereza waliupa jina la Victoria mwaka 1887 kwa ajili ya jubilii ya malkia wao, na watu wa Gozo mpaka leo wanauita Rabat kama kawaida.

Kwa kuwa nishafika nilikwenda kuliangalia lile kanisa. Bibi mmoja aliyekuwa anafagia ngazi akanieleza kwamba wazee wao walichangia ujenzi kwa kuuza mazao ya mashamba, na mayai yalikuwa mengi humo, ndiyo maana watu huliita kanisa la mayai. Akaniuliza kama nitakula sungura, kwani Mġarr inasifiwa kwa mchuzi wa sungura. Sungura kwangu si haramu. Kisu ndicho kilichonitia shaka, nikashukuru nikasema nimeshiba. Njaa ilikuwa inaniuma.

Nilifika Gozo saa nane mchana. Kivuko ni dakika 25, unapita Comino ubavuni, maji ya buluu mpaka unahisi kuna aliyeyatia rangi. Nilihangaika kutafuta pa kukata tiketi, kumbe kwenda hulipi, unalipa ukirudi. Shoga yangu alisema wameona mbali, nani atakaa Gozo moja kwa moja asirudi? Yeye mwenyewe alikuwa na miaka sita hajaondoka.

Tulipanda kwenye ngome ya Rabat, ile ya Victoria, wanayoiita Ċittadella. Juu ya ukuta unaona kisiwa kizima, kila kilima na kijiji chake na kila kijiji na kuba lake. Pale shoga yangu akanisimulia habari ya 1551. Meli za Waturuki na maharamia wa Afrika Kaskazini zilikuja, ngome ikasalimu, na karibu watu wote wa Gozo, kama elfu tano, wakapakiwa kwenda kuuzwa. Kisiwa kilibaki kitupu, kikajazwa upya pole pole. Mimi nimekulia Zanzibar, soko la watumwa la Mkunazini tumepelekwa na shule, habari ya watu kukamatwa nimeielewa ikiwa na sura moja, na mwenye kukamatwa ana sura kama yangu. Pale ukutani sikujua niiweke wapi hii nyingine. Na kule Valletta, wale makabaila wa Kikristo waliotawala Malta walikuwa na gereza lao la watumwa, na waliofungwa humo wengi ni Waislamu. Kimalta cha jela ni ħabs, sisi tunasema mahabusu. Tulikaa kimya kidogo, kisha shoga yangu akatoa chapati zake kwenye mkoba, na chapati za mtu wa Mombasa hazikai na huzuni muda mrefu.

Kabla jua halijazama alinipeleka Dwejra kutazama kitu ambacho hakipo. Palikuwa na tao kubwa la mwamba baharini, watu walitoka duniani kote kuliona, na tarehe 8 Machi 2017 dhoruba ikaliangusha lote. Bado basi za watalii zinakuja. Wanapiga picha pengo.

Jioni niliporipoti, Nanna hakujali Gozo. Alitaka tena na tena kisa cha Mġarr. Akawa anawasimulia majirani, na kila akisimulia kabichi zinaongezeka.

Mwezi wa Juni ukafika, na sikukuu ya mtakatifu wao wa Żejtun. Kila kijiji kina wake, na kila kijiji kina bendi yake ya tarumbeta, vingine vina bendi mbili ambazo hazisalimiani. Hakuna aliyenionya kuhusu fataki za mchana. Si zile za kupendeza macho, hizi ni za mshindo mtupu, na zilianza saa mbili asubuhi. Nilijikuta chini ya meza ya jikoni. Kwetu Wete, Januari 2001, mishindo kama ile haikuwa ya sherehe, ilikuwa ya bunduki, na nilikuwa mdogo lakini si mdogo wa kusahau. Nanna alikuja na mkongojo wake mpaka mlangoni. Hakuuliza. Alivuta kiti akakaa pale pale karibu na meza, akaanza kumenya maharage. Kila mshindo ukilia anasema "Mela," neno lao la kila kitu, basi, ndiyo, haya, na anaendelea kumenya. Bakuli lilipojaa nikatoka.

Usiku nilikwenda kutazama, taa zimewashwa kanisa zima, sanamu inabebwa mabegani, vijana wanatoka jasho. Makanisa yao mengi ya vijijini yana saa mbili mbele, moja ya kweli na moja imechorwa au inaonyesha wakati usio wake. Wanasema ni kumchanganya xitan asijue ibada ni saa ngapi. Nilimwambia Nanna kwamba kwetu hatuhitaji saa ya pili, maana jua likichomoza sisi tunasema saa kumi na mbili, na shetani aliyefundishwa saa za Ulaya akija Pemba ataikuta sala imeshaswaliwa. Alilipenda hilo. Sijui kama alimsimulia padri.

Dini haikutugombanisha, ingawa nilikwenda nimejiandaa. Mungu wao ni Alla. Akisema kesho atakwenda mahali anamalizia "jekk Alla jrid", Mungu akipenda, na akimuona mtoto mzuri anasema "Alla jbierek" asije akamtia jicho. Kwaresima yao inaitwa ir-Randan, na hilo neno limetoka Ramadhani. Mwezi wetu ulipoingia aliniuliza swali wanaloniuliza wote, hata maji? Nikasema hata maji. Akaagiza tende. Idi nilikwenda kuswali Raħal Ġdid, Kijiji Kipya, ulipo msikiti uliojengwa kwa msaada wa Libya, nikajikuta katikati ya Wasomali, Wasudani, Wasiria na Wabangladeshi, na kila mmoja akinisikia nasema Zanzibar anasema "ah, Zanzibar!" Hakuna aliyeuliza kijiji.

Mchana wa siku moja ya mvua Nanna aliniambia nifungue mtoto wa kabati, nitoe bahasha. Ndani mlikuwa na picha ya mama yake, imepigwa nje ya kanisa. Amevaa vazi jeusi, limeanzia kichwani, limefunika mabega na kushuka, na pembeni mwa uso limetanuka kama mwavuli uliokatwa nusu. Għonnella, alisema. Wanawake wote walikuwa wakivaa, zikapotea katikati ya karne iliyopita. Alinionyesha kwa mkono wake ule mbovu jinsi mama yake alivyokuwa anaishika pindo upepo ukivuma, analileta mbele, anaacha jicho moja. Mimi nikachukua mtandio wangu nikamuonyesha bibi yangu mzaa mama na buibui lake la kamba, pindo lile lile, jicho lile lile. Tukawa tumekaa pale, wanawake wawili tunafinya vitambaa chini ya kidevu.

Jirani yake akaingia kuleta barua. Hakunitazama. Akamuuliza Nanna, hivi hii barranija yako bado ipo?

Barrani ni mtu wa nje. Mwanamke ni barranija. Nilikuwa nimelisikia neno hilo mara nyingi, kwenye basi, dukani, mwenye nyumba mmoja alilitumia kwenye simu akidhani sisikii alipokuwa anamwambia mkewe kwa nini chumba kimeshachukuliwa ghafla. Lakini siku hiyo ndiyo nililisikia kwa sikio la nyumbani. Barra ni nje. Bara. Ni bara yetu ile ile, ya "huyo mtu wa bara", ya "usimwazime, mbara huyo". Nimelitamka tangu nina meno ya utoto, na sikuwahi kumuuliza mtu yeyote wa bara kijiji chake. Ni wa bara tu, basi, kana kwamba kule kote ni shamba moja.

"Huyu si barranija," Nanna akamjibu, kwa hasira kidogo, kama mtu aliyesahihisha jina. "Huyu wa Wete."

Jirani akauliza Wete iko wapi. Nanna akaashiria dirishani, upande wa Marsaxlokk.

Alifariki majira ya baridi ya mwaka wa tatu. Nilimkogesha mimi na binti yake, na binti yake akanipa ile picha, nikakataa, akanipa nakala.

Nilirudi nyumbani kwa likizo. Asubuhi ya pili nikafuatana na mama sokoni Wete. Mama alisimama kwenye tungule, akauliza bei, akacheka kidogo, akataja nusu, akageuka kama anaondoka. Kijana aliyekuwa anauza hakumwita.

"Twende," mama akaninong'oneza. "Mbara huyo, hapunguzi."

Nilibaki nimesimama. Nikamuuliza yule kijana anatoka wapi. Akasema Tanga. Nikamuuliza Tanga wapi, akasema Lushoto, kwa sauti ya mtu aliyezoea kwamba maswali huishia hapo.

"Lushoto kijiji gani?"

Akaacha kupanga tungule. "Mlalo. Unapajua?"

"Sipajui," nikasema. "Pakoje?"